Viwavijeshi wawili, jina moja (au: kosa langu ambalo Linnaeus alishalitatua mwaka 1758)

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mniwie radhi. Leo siandiki kuhusu Linux wala PHP. Leo ni vipepeo na nondo. Usikimbie, tutarudi kwenye kompyuta.

Chanzo ni programu ndogo niliyokuwa nikiiandika hapa Timboroa, kwenye baridi hii ya zaidi ya mita 2,700. Mkulima anatuma ujumbe mfupi wenye jina la mdudu, programu inamrudishia ushauri. Kwenye hifadhidata, jina la Kiswahili ndilo nililolifanya ufunguo mkuu. Rahisi, sivyo?

Shangazi yangu, anayelima mahindi upande wa Turbo, akajitolea kuijaribu. Akatuma neno "viwavijeshi". Programu ikamjibu akague nyasi za kandokando, maana viwavi hao huja kwa makundi. Baada ya siku nne akanipigia simu: "Mwanangu, hawa wangu hawatembei popote. Wamejificha ndani ya moyo wa mhindi. Nikifungua majani naona mavi tu, kama unga wa mbao." Siku nne alikuwa akichunga mpaka wa shamba huku mahindi yakiliwa katikati! Kosa si lake. Ni langu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba neno hilo moja tunalitumia kwa wadudu wawili. Wa kwanza ni mwenyeji wa Afrika, Spodoptera exempta, anayetembea kwa majeshi na kumaliza malisho. Wa pili ni mgeni kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda, aliyeripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka 2017. Huyu hujichimbia katikati ya mmea. Ukimtazama kwa makini, kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kama mraba.

Nikaanza kusoma jinsi wataalamu wanavyozuia mkanganyiko wa namna hii. Hapo ndipo nilipokutana na Carl Linnaeus, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1707.

Kabla yake, jina la kitaalamu la mdudu lilikuwa maelezo marefu ya Kilatini: rangi, mabawa, madoa. Tatizo lake mwanaprogramu ataliona mara moja. Akipatikana mdudu mwingine anayefanana naye, inabidi uongeze maneno ili kuwatenganisha. Yaani ufunguo umebeba data, na data ikibadilika ufunguo unavunjika.

Mwaka 1758, katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, Linnaeus aliwapa wanyama wote majina ya maneno mawili: jenasi na spishi. Vipepeo wengi aliwapa majina ya watu wa hadithi za Kigiriki, wakiwemo mashujaa wa vita vya Troya. Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi tunayemwona mashambani, Danaus chrysippus, jina lake la pili ni la mwaka huo huo. Halisemi lolote kuhusu rangi yake. Ndiyo maana linadumu! Ni ufunguo usiobeba maana, kazi yake ni kuwa wa pekee tu.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Vipepeo na nondo wote aliwagawa katika jenasi tatu tu: Papilio (vipepeo), Sphinx (nondo wakubwa wa mwendo kasi) na Phalaena (nondo wengine wote, kapu kubwa kweli). Isitoshe, alitia data kwenye miisho ya majina. Nondo wadogo wa kundi aliloliita Tinea, kwa mfano, walipewa mwisho -ella. Hata nondo anayetoboa viazi vyetu, Phthorimaea operculella, aliyepewa jina mwaka 1873, amerithi desturi hiyo.

Sasa rudi kwa yule mgeni wa shangazi. Linnaeus alifariki mwaka 1778. Mwaka 1784 Mwingereza kijana, James Edward Smith, alinunua mkusanyiko wake wa mimea, wadudu na vitabu, na mwaka 1788 akaanzisha chama cha Linnean Society mjini London. Mwaka 1797 Smith huyo huyo alichapisha kitabu cha nondo na vipepeo wa Georgia, Marekani, kilichotokana na michoro ya John Abbot. Humo ndimo alimobatiza mdudu mmoja Phalaena frugiperda, yaani mharibu mazao. Ndiye aliye kwenye mahindi ya Turbo leo!

Baadaye kapu la Phalaena lilivunjwa, na mdudu akahamia Spodoptera. Kwa hiyo leo anaandikwa Spodoptera frugiperda (J.E. Smith, 1797). Mabano hayo si mapambo. Yanamaanisha kwamba jenasi imebadilika tangu siku ya ubatizo. Ni historia ya mabadiliko iliyofungwa ndani ya jina lenyewe.

Kuna pia tatizo la kinyume: mdudu mmoja, majina mengi. Kipepeo Papilio dardanus, anayepatikana hata katika misitu ya Kenya, dume lake ni la manjano, lakini majike yana sura kadhaa, nyingine zikiiga vipepeo wenye sumu. Wazungu wa makumbusho waliziita spishi tofauti, hadi Roland Trimen wa Afrika Kusini alipochapisha mwaka 1869 ushahidi kwamba ni familia moja. Kanuni ikawa nini? Jina la zamani zaidi ndilo linaloshinda: dardanus ni la 1776, merope la 1777. Mengine hayafutwi, yanaelekezwa kwa lile moja.

Basi nimeandika upya hifadhidata yangu. Kila spishi ina namba yake isiyo na maana. Majina yako kwenye jedwali lake, ya Kiswahili, Kikalenjin, Kikuyu na Kilatini, na jina moja laweza kuelekeza kwa wadudu wawili. Ukituma "viwavijeshi" sasa, programu haikupi jibu haraka. Inakuuliza kwanza: wanatembea kwa kundi, au wamejificha katikati ya mmea?

Shangazi ameijaribu tena. Amesema sasa inauliza kama mtu mwenye akili. Kuhusu yule aliyeiandika, hakusema kitu.

Na wewe, kwenu mdudu huyu mnamwitaje? Niandikie, nimwongeze kwenye jedwali. Tuonane wiki ijayo!