Tanga Juu ya Ua: Historia ya Mipango ya Vivuli vya Kitambaa Vinavyokunjwa, kutoka Pompeii hadi Madina

Habari ya vivuli vya kitambaa katika maandishi ya Plinius Mkubwa inapatikana mahali ambapo mtafiti wa usanifu majengo asingetarajia kuitafuta, yaani katika kitabu cha kumi na tisa cha Historia ya Asilia, kinachoanza na zao la kitani. Plinius anatoka kwenye matanga ya meli na kuingia kwenye vitambaa vilivyotandazwa juu ya watu. Anamtaja Quintus Catulus kuwa wa kwanza kufunika ukumbi wa michezo kwa kitani, kisha Julius Caesar aliyefunika Foramu nzima ya Roma, na Nero aliyetandaza kitambaa chenye rangi ya mbingu na kuchorwa nyota. Mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, anaongeza kuwa vitambaa vyekundu hutumika pia katika nyua za ndani za nyumba, ambako hukinga kuvu ya mimea dhidi ya jua.

Wanahistoria wamekishughulikia sana kitambaa cha Nero na kukipita haraka kile cha uani. Makala haya yanaviweka pamoja, kwa sababu vyote viwili vinaibua tatizo moja. Kutandaza kitambaa ni kazi rahisi. Ugumu uko katika kukianua. Kitambaa kikusanyike wapi kisipotumika? Nani avute kamba, na kwa amri ya nani? Historia ya vivuli hivi husimuliwa mara nyingi kama safari ya maendeleo, kutoka kamba ya katani hadi mota ya umeme. Ninaona masimulizi hayo yanaficha jambo la msingi, kwani mota imerithi maswali yote ya kamba bila kulijibu hata moja.

Kilatini kilitumia neno moja, vela, kwa tanga la chombo na kwa kivuli cha ukumbini. Hilo halikuwa suala la lugha tu. Katika Colosseum, uliofunguliwa mwaka 80 BK, waliovuta matanga walikuwa mabaharia wa kundi la manowari la Misenum, ambao walikuwa na kambi yao jijini Roma. Msomaji wa pwani yetu, aliyewahi kuona wanamaji wa jahazi wakitweka na kutua tanga huku upepo ukibadilika, hatahitaji maelezo marefu kuhusu sababu ya kazi hiyo kupewa watu wa bahari. Juu ya ukuta wa nje wa Colosseum yamesalia mawe 240 yaliyochomoza, ambayo yalishikilia vitako vya milingoti. Kitambaa chenyewe hakikubaki, na ndiyo maana wataalamu bado wanabishana kuhusu mpangilio wa kamba. Rainer Graefe, aliyechapisha utafiti mpana wa vela mwaka 1979, alilazimika kuuchunguza mtambo ambao ushahidi wake mkuu ni mawe yaliyoubeba.

Lililo wazi zaidi ni nafasi ya matanga haya katika mahusiano ya utawala na umma. Matangazo ya michezo yaliyopakwa rangi kwenye kuta za Pompeii yaliahidi matanga pamoja na wapiganaji, na mtu asome ahadi hiyo akijua kwamba mfadhili aliitoa kwa kutafuta heshima. Marcellus, mpwa wa Augusto, alifunika Foramu mwaka 23 KK bila michezo yoyote, ili watu wenye kesi wasimame kivulini. Caligula alifanya kinyume. Kwa mujibu wa Suetonius, jua lilipokuwa kali kabisa aliamuru matanga yakunjwe na akakataza mtu yeyote kutoka. Adhabu hiyo isingewezekana chini ya paa la vigae. Sifa ileile iliyokifanya kivuli kuwa hisani, yaani uwezo wa kuondolewa, ndiyo iliyokifanya kuwa silaha. Aidha, upepo nao ulikuwa na amri yake. Mshairi Martialis, anapoitaja kofia pana na mwavuli kuwa zawadi zinazofaa kwa mtazamaji, anatoa sababu kwamba upepo huwanyima watu matanga. Kwa hiyo waliosimamia vela walijua kikomo: upepo ulipozidi, kitambaa kilibaki kimekunjwa, hata kama tangazo la ukutani lilikuwa limeahidi vingine.

Tukirudi uani, mambo yanaonekana madogo lakini hayakuwa mepesi. Nyumba ya Pompeii ilikuwa na uwazi katikati ya paa, na chini yake birika la kupokea maji ya mvua. Kitambaa kilichofunika uwazi huo moja kwa moja kingezuia maji, mwanga na hewa, mambo yaliyofanya uwazi huo uwepo. Kukunjika kwake, basi, kulikuwa sharti la nyumba kuendelea kufanya kazi.

Mfano ulio hai wa mantiki hiyo ni toldo la Andalusia, hasa katika nyua za Córdoba, ambazo sherehe yake iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2012, na katika mitaa kama Sierpes jijini Seville. Toldo la uani ni turubai lenye pete zinazoteleza juu ya kamba au waya sambamba zilizofungwa ukuta hadi ukuta. Kamba ndogo inayopita kwenye kapi humwezesha mtu kulivuta akiwa chini. Asubuhi hutandazwa kabla ya jua kuingia, na jioni hukunjwa ili joto lililohifadhiwa na sakafu na kuta lipande angani usiku. Nusu ya pili ndiyo inayosahauliwa. Kivuli kilichoachwa usiku kucha hugeuka blanketi, na ua ulioachwa hivyo huanza siku inayofuata na joto la jana.

Mwenye kupanga toldo hukabiliwa na maamuzi ambayo hayaonekani kazi inapokamilika. Kamba iliyokazwa hadi ikakaribia kunyooka huvuta kuta kwa nguvu kubwa kuliko ile iliyoachwa na mlegeo kidogo. Fundi anayetaka mstari ulionyooka kwa ajili ya uzuri huulipia kwenye ukuta. Lazima pawepo nafasi kati ya kitambaa na kuta ili hewa moto itoke. Upande wa kukusanyia mikunjo nao huchaguliwa mapema, kwani rundo la turubai lililoning’inia mbele ya dirisha la ghorofa ya juu huwa kero ya kudumu. Yote haya yanategemea kuta nne. Ukipanda juu ya nyumba, kwenye paa tambarare, kuta za kufungia kamba hazipo na upepo umeongezeka. Toldo haliwezi kuhamishiwa huko bila kubadilishwa muundo wake.

Jibu la tatizo la kukosa kuta lilitafutwa kwa utaratibu wa kitaaluma huko Stuttgart, katika taasisi ya miundo myepesi iliyoanzishwa na Frei Otto mwaka 1964. Mwaka 1968 magofu ya kanisa la abasia ya Bad Hersfeld, yasiyokuwa na paa tangu moto wa 1761, yalipata kivuli cha kitambaa kinachokunjwa kwa ajili ya tamasha la maigizo. Mlingoti mmoja husimama nje ya magofu. Nyaya hutawanyika kutoka kwake, na kitambaa hukusanyika kuelekea kichwani mwake. Kuta za kale hazikugeuzwa kuwa vigingi. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kabisa katika mradi ule: mpangaji alianza na mahali pa kukusanyia kitambaa, halafu akachora paa.

Uwanja wa Olimpiki wa Montreal unaonyesha gharama ya kushindwa. Paa lake la kitambaa cha Kevlar, lililoning’inizwa kwenye mnara ulioinama, lilianza kutumika mwaka 1987, zaidi ya miaka kumi baada ya michezo yenyewe. Lilichanwa na upepo mara kadhaa, na mwaka 1998 likabadilishwa na paa lisilofunguka.

Mwaka huohuo wa 1987, ua wa Msikiti wa Quba mjini Madina, ulioundwa upya na msanifu Abdel-Wahed El-Wakil, ulipata toldo lililobuniwa na Bodo Rasch, aliyekuwa mwanafunzi na mshirika wa Otto. Hapo zilikuwapo kuta. Katika nyua mbili za Msikiti wa Mtume, mwaka 1992, Rasch alitumia njia nyingine: miavuli kumi na miwili, sita kwa kila ua, ambayo kila mmoja hujisimamia juu ya nguzo yake na kufunika takriban mita 17 kwa 18. Umbo lake ni la faneli, hivyo mvua hushuka ndani ya nguzo. Kitambaa chake ni cha nyuzi za PTFE, kwa kuwa nyuzi za kioo, zilizozoeleka katika mapaa ya kudumu, hukatika zikikunjwa mara kwa mara. Baadaye miavuli 250 mikubwa zaidi ilisimikwa katika viwanja vinavyouzunguka msikiti, na mahujaji wengi wa Afrika Mashariki wameijua hiyo kuliko ile ya awali.

Ratiba ya miavuli ya nyuani inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mitambo yake. Wakati wa kiangazi ilipangwa ifunguliwe mchana na kukunjwa usiku, ili sakafu ya mawe ipoe chini ya anga wazi. Wakati wa baridi utaratibu uligeuzwa: mchana ikunjwe jua liingie, usiku ifunguliwe kuzuia joto lisitoke. Ni mzunguko wa mwenye ua wa Córdoba, isipokuwa kwamba mkono unaovuta kamba umehamia kwenye chumba cha udhibiti, na anayekaa chini ya kivuli hana tena kamba ya kushika.