Gemu Umeilipia, Mbona Inagoma Mpaka Uiapdeti?

Umelipia gemu kwa pesa yako. Wiki iliyopita uliicheza bila shida, na imekaa yote kwenye kompyuta yako. Leo Jumamosi bando limebaki GB 2, unabonyeza ucheze, unaambiwa subiri: kuna apdeti ya GB 14. Unazima intaneti ili uikwepe. Sasa inakuambia uingie kwanza kwenye akaunti. Gemu huchezi, na bando nalo limeshaanza kuliwa.

Wengi wetu husema tu "hii gemu inataka intaneti" na kuishia hapo. Kumbe kinachokufungia kinaweza kuwa kimoja kati ya makufuli matatu. La kwanza ni apdeti yenyewe. La pili ni leseni, yaani gemu inauliza kwanza kama kweli wewe una haki nayo. La tatu ni seva: gemu ambayo sehemu yake haiko kwenye mashine yako kabisa. Makufuli mawili ya kwanza yana ufunguo. La tatu halina, na ndilo unalopaswa kulijua kabla hujatoa hela.

Kufuli la kwanza: apdeti

Mambo haya yalianza kushika kasi Septemba 2003, kampuni ya Valve ya Marekani ilipofungua Steam. Kabla ya hapo apdeti lilikuwa faili unalolitafuta mwenyewe kwenye tovuti, unalishusha, unaliweka. Wachezaji wa Counter-Strike wakawa na matoleo tofauti tofauti. Mwenye toleo la zamani anashindwa kuingia kwenye seva ya wenzake, na matapeli wanatumia mianya iliyokwishazibwa. Steam ilimaliza tatizo kwa kufanya apdeti ijishushe yenyewe kwa kila mtu. Novemba 2004 ikatoka Half-Life 2 na sharti jipya: hata ukinunua diski dukani, lazima uwe na akaunti ya Steam na uithibitishe gemu kwa intaneti. Watu walilalamika sana. Leo ndiyo kawaida.

Kwa gemu za kucheza na wengine, sababu hiyo bado ina mashiko. Hamuwezi kucheza mechi moja wakati kwako goli ni pana na kwa mwenzako ni jembamba. Shida ni kwamba utaratibu uleule ukahamishiwa kwenye gemu za kucheza peke yako, ambako toleo lako la zamani halimsumbui mtu.

Na apdeti si kuongeza tu. Wakati mwingine inaondoa. Aprili 2018, miaka 10 baada ya Grand Theft Auto IV kutoka, haki za baadhi ya nyimbo zake ziliisha muda. Rockstar Games ikatoa apdeti iliyofuta nyimbo nyingi kwenye redio za ndani ya gemu. Kituo cha nyimbo za Kirusi, Vladivostok FM, ndicho kilichobadilishwa zaidi. Miaka minne kabla, mwaka 2014, San Andreas kwenye Steam ilipitia hayohayo. Nyimbo kama za 2Pac na Rage Against the Machine zikatoka, na hatua ambazo watu walihifadhi kwenye toleo la zamani zikagoma kufunguka. Ukiwa na diski ya zamani ya PlayStation 2, nyimbo zako zipo palepale. Hakuna anayeweza kuingia sebuleni kwako kuzifuta.

Kuna pia wanaotengeneza nyongeza za gemu, zile ziitwazo modi. Modi hutegemea toleo fulani. Toleo likibadilika, inaweza kufa. Kundi la mashabiki lilikuwa limetengeneza Fallout: London, modi kubwa ya gemu ya Fallout 4, na ilitakiwa kutoka Aprili 23, 2024. Bethesda ikapanga kutoa apdeti kubwa ya Fallout 4 siku mbili tu baadaye, Aprili 25, kwa gemu ambayo ilikuwa sokoni tangu 2015. Mashabiki wakalazimika kuahirisha. Modi ilitoka Julai 25 mwaka huohuo, na wachezaji walitakiwa kwanza kuirudisha gemu yao nyuma, kwenye toleo la kabla ya apdeti.

Sasa ufunguo wake. Kwenye Steam hakuna kitufe cha kusema "usiapdeti kamwe", tusidanganyane. Lakini ukibofya gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukaenda kwenye sifa zake na sehemu ya apdeti, unaweza kuchagua isubiri mpaka siku utakayoifungua. Hapo haitakula bando usiku umelala. Kwenye mipangilio mikuu ya vipakuliwa unaweza pia kupanga saa ambazo apdeti zinaruhusiwa, kwa mfano saa za bando la usiku, na kuweka kikomo cha kasi. Jambo moja la kuangalia: apdeti ikishaanza na kukatikia njiani, mara nyingi gemu haitafunguka mpaka imalizike. Kwa hiyo ikatae kabla haijaanza, au iache imalize.

Baadhi ya watengenezaji huacha matoleo ya zamani wazi. Gemu za Paradox, kama Europa Universalis IV, zinakuruhusu kuchagua toleo la nyuma kwenye sehemu ya beta ndani ya Steam. Duka la GOG limeenda mbali zaidi: programu yake inakuruhusu kuzima apdeti za kujiendesha na kurudi toleo la nyuma pale toleo hilo linapokuwepo.

Ukiwa na rafiki mwenye gemu ileile, kuna njia ya kuokoa bando ambayo wengi hawaijui. Tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine zikiwa kwenye waifai moja. Mmoja anashusha GB zote, mwingine anachukua kwake. Akaunti ya kila mmoja bado lazima iwe na gemu hiyo, hilo halikwepeki.

Kufuli la pili: leseni

Ukinunua kwenye duka la kidijitali, hupewi gemu. Unapewa ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo iko kwenye akaunti, na akaunti iko kwenye seva za mwenye duka. Mashine yako hupiga hodi huko kuuliza: huyu anaruhusiwa? Isipoitikiwa, mlango unaweza usifunguke, hata kama gemu ni ya mtu mmoja na faili zake zote unazo.

Novemba 2021 programu ya Rockstar ya kufungulia gemu kwenye kompyuta ilizimika kwa zaidi ya siku nzima. Watu waliotaka tu kuendelea na hadithi ya Red Dead Redemption 2, peke yao, bila kumgusa mtu, walikaa nje. Februari 2025 ikawa zamu ya PlayStation Network, iliyolala kwa takriban saa 24. Sony ilisema ni hitilafu ya uendeshaji na ikawapa wanachama wa PlayStation Plus siku 5 za ziada. Siku hiyo kuna waliocheza gemu zao za kidijitali kama kawaida na kuna waliofungiwa. Tofauti mara nyingi ilikuwa setingi moja, tutaifikia.

Microsoft ilitaka kwenda mbali kuliko wote. Mwaka 2013 ilitangaza kwamba Xbox One ingetakiwa kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu hazichezeki. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa mno, na Juni 19 mwaka huohuo ikaufuta mpango kabla mashine haijafika madukani.

Na si lazima seva ya kampuni ndiyo izime. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakabaki na intaneti ya kusuasua au bila kabisa. Siku kama hiyo ndipo unapojua kama ulijiandaa, kwa sababu kujiandaa kucheza bila intaneti kunahitaji intaneti.

Kwenye Steam fanya hivi ukiwa bado na mtandao: maliza apdeti za gemu unayoitaka, ifungue mara moja mpaka ufike ndani, kisha nenda kwenye menyu ya Steam juu kushoto uchague kwenda nje ya mtandao. Usisubiri mtandao ukatike ndipo uhangaike. Kama gemu inafungua programu ya pili ya kampuni nyingine, kama zilivyo za Rockstar, Ubisoft au EA, hiyo nayo ina akaunti yake na masharti yake. Ijaribu pia.

Kwenye PS5 setingi yenyewe ipo kwenye mipangilio, sehemu ya watumiaji na akaunti, kipengele cha kushiriki konsoli na kucheza nje ya mtandao. Iwashe. Kwenye PS4 unaingia kwenye usimamizi wa akaunti na kuifanya mashine yako kuwa PS4 kuu. Ukiwa na mashine ya mtumba, au akaunti mnayochangia na mtu, angalia vizuri: akaunti moja inaruhusu PS4 kuu moja na PS5 moja tu. Kama aliyekuuzia akaunti ameiwasha kwake, siku mtandao ukikatika yeye anacheza, wewe unatazama.

GOG kwa upande wa gemu za peke yako hawana kufuli hili. Unashusha faili la kusakinisha, unaliweka kwenye flashi au diski ya nje, na hata miaka 10 baadaye linafungua bila kuuliza mtu.

Kufuli la tatu: seva

Machi 2013 EA ilitoa SimCity, gemu ya kujenga mji, ikidai lazima uwe mtandaoni muda wote. Siku za mwanzo seva zilielemewa, na walionunua hawakuweza kujenga hata barabara. Waliambiwa gemu imetengenezwa hivyo, kuitenganisha na seva si kazi ndogo. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, ikatoka apdeti ya kuicheza bila intaneti. Ni mfano wa nadra wa apdeti ya kushangilia.

The Crew haikuwa na bahati hiyo. Ilikuwa gemu ya magari ya Ubisoft ya 2014, na ungeweza kuendesha peke yako kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine. Lakini ilitegemea seva. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, gemu ikafa kwa kila mtu, mwenye diski na asiye nayo, na baadhi ya wachezaji wakakuta leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Hasira hiyo ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo mwaka 2025 ilipitisha saini milioni 1 kwenye ombi la wananchi wa Umoja wa Ulaya. Ubisoft yenyewe iliahidi mwaka 2024 kuziwekea The Crew 2 na The Crew Motorfest njia ya kuchezwa bila intaneti.

Sheria nayo imeanza kusogea. Tangu Januari 1, 2025, jimbo la California haliruhusu duka la kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Faili unalolishusha moja kwa moja, ambalo muuzaji hawezi kulichukua tena, halihusiki. Steam ilianza kuonyesha tangazo la leseni kwenye kikapu cha malipo tangu Oktoba 2024. Sheria haizuii gemu kuzimwa, inataka tu usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Na kwenye simu?

Makufuli ni yaleyale. Kwenye Play Store gusa picha yako, ingia mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao, uchague apdeti zije kwa waifai tu au zisije zenyewe kabisa. Ukitaka kuzuia gemu moja tu, fungua ukurasa wake, gusa nukta tatu juu, uondoe alama ya kujiapdeti. Kwenye iPhone tafuta App Store ndani ya mipangilio, kisha zima apdeti za programu. Usizizime kwa programu ya benki au ya kutuma pesa. Huko apdeti huziba mianya ya wezi.

Hiyo haitasaidia kwa gemu kama eFootball, Free Fire au PUBG Mobile. Zinaishi kwenye seva, na toleo likipitwa zinakataa kukuingiza. Tena ukubwa unaouona Play Store mara nyingi si wote: ukishafungua, gemu inaanza kushusha ramani na vifurushi vingine ndani kwa ndani. Ifungue mara ya kwanza ukiwa kwenye waifai.

Kama kuna gemu ya simu unataka kulipia kitu ndani yake, weka simu kwenye hali ya ndege kwanza, ifunge gemu kabisa, kisha ifungue upya. Ikifika hadi kwenye mchezo wenyewe, sawa. Ikibaki inazunguka kwenye nembo, basi hela yako inaenda kwenye seva ya mtu.