Amani ya Soko la Nyangwe na Matumaini ya Inchi Yetu

Kila mara uchaguzi unapokaribia, ao habari ya vita inapotufikia, sisi watu wa Maniema ya kusini tunaulizana neno moja tu: mabadiliko yatakuja lini? Ni ulizo la haki. Lakini mbele ya kulijibu turudi kidogo Nyangwe, kando ya Lualaba, maana wazee wetu walikuwa pale na desturi moja ambayo inatufaa hata leo.

Desturi ile ni amani ya soko. Mbele ya bendera yoyote kupandishwa huku kwetu, wamama wa ng'ambo zote mbili za mto walikutana Nyangwe na samaki, mawese, chumvi, vyungu, mihogo na kuku. Livingstone, aliyefika Machi 1871, aliandika kwamba hata watu wa sehemu mbili wakiwa katika vita, wamama walipita kwenda sokoni bila kuguswa. Hapakuwa na askari wa kuilinda ile sheria. Kila mtu alijua tu kwamba soko likivunjika, yeye na adui yake wote watalala njaa.

Ikafika siku ya 15 Julai 1871. Watu wa Dugumbi, mfanyabiashara wa misafara, waliingia sokoni na bunduki, jambo ambalo halikuwa desturi. Kukatokea ubishi juu ya bei ya kuku, kisha risasi zikaanza kulia. Wamama wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama mtoni. Livingstone aliandika kwamba Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Siku ile ile vijiji vya ng'ambo vilichomwa moto. Yeye aliacha safari yake, akarudi Ujiji.

Tangu pale, inchi yetu imeona mabadiliko mengi. Tarehe 4 Machi 1893 askari wa Dhanis, wa Dola Huru la Kongo, waliteka Nyangwe, na Aprili wakaingia Kasongo. Watu walidhani wamekombolewa, kumbe kodi ya mpira na kazi ya nguvu zilikuwa njiani. Gongo Lutete, aliyekuwa upande wa Tippu Tip kisha akageuka na kuwasaidia Wazungu, aliuawa na hao hao Wazungu Septemba 1893. Tusisahau somo lake: anayemtumaini mgeni amwondolee adui, hana uhakika wa kesho.

Mwaka wa 1960 watu wetu walikipa kura nyingi chama cha MNC cha Patrice Lumumba, kwa sababu kilisema Kongo ni moja, haigawanyiki. Haukupita mwaka, Lumumba akauawa, tarehe 17 Januari 1961. Mwaka wa 1964 Wasimba walikuja wakitangaza uhuru wa pili; kule Kindu makarani na watu waliosoma waliuawa, nao walikuwa ndugu zetu. Mwaka wa 1997 tukawapokea AFDL, na Oktoba 1998 RCD wakateka Kindu. Kila mara tulipiga vigelegele asubuhi, jioni tukahesabu maiti.

Je, tuseme basi kwamba kutumaini ni ujinga? Hapana. Januari 2019, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, rais mmoja alimwachia mwingine kiti bila bunduki. Ni jambo kubwa, hata kama ule uchaguzi ulileta ubishi mwingi. Lakini kubadilisha mtu wa juu hakujatosha: mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilitekwa na M23. Inchi inaweza kupata rais mpya na bado ikakosa amani ya soko.

Na hapa tuseme ukweli wa nyumbani. Katika familia nyingi za Nyangwe na Kasongo, damu ya wangwana waliokuja na misafara imechanganyika na damu ya wenyeji waliokimbilia mitumbwi. Sisi ni watoto wa walioshika bunduki na wa waliozama. Nani kati yetu atamfukuza mwenzake akimwambia, wewe si wa hapa? Lugha yenyewe ilikuja na ile misafara; leo Mgenya, Mkusu, Mzimba na Mbangubangu wanaitumia kusikilizana, na Katiba ya 2006, katika kifungu cha kwanza, inaitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kitu kilicholetwa na maumivu tumekifanya chetu sote.

Kwa hiyo mabadiliko tunayoyangoja tuyapime kwa kipimo cha wazee. Mama wa Kabambare akibeba mchele wake hadi Kasongo, je, anapita bila kunyang'anywa kwenye kizuizi cha njiani? Anaulizwa bei ya mchele, ao anaulizwa kabila lake? Siku atakapopita salama, hata kama mume wake na mume wa mnunuzi hawakupigia kura chama kimoja, ndipo tutajua kwamba umoja umefika.

Hilo hatuhitaji kulingoja kutoka Kinshasa peke yake. Wazee wetu walililinda bila serikali. Sisi wenye serikali, tutashindwaje?