Majirani waliokutana ng'ambo

Leo tuzungumze kuhusu BGP, itifaki ambayo ruta za mitandao tofauti hutumia kuelezana njia. Ilibuniwa Januari 1989 na Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM, wakiwa mkutanoni Austin, Texas. Rasimu yake waliichora wakati wa chakula, kwenye karatasi za kupangusia mikono.

Kuiweka kwenye ruta hakutishi. Unaandika namba ya mtandao wako, anwani na namba ya jirani, kisha anwani unazomtangazia. Mimi huanza na kichujio: jirani atangaziwe anwani zangu na za wateja wangu tu. Ukimtangazia intaneti yote, mizigo yake itapita kwenye laini unayoilipia wewe.

Sasa twende Nairobi ya mwaka 2000. Kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kukutania hapa nchini. Barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za mji huo huo ilipanda setilaiti hadi ng'ambo, kisha ikarudi kwa setilaiti. Setilaiti hizo ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kwa hivyo kutuma na kujibiwa kulichukua takriban sekunde nzima. Na safari zote hizo zililipiwa.

Novemba 2000 chama chao, TESPOK, kikaanzisha KIXP: kila kampuni ilete ruta yake, ziunganishwe kwenye swichi moja, zizungumze BGP. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya pekee imeingiliwa. Desemba, mdhibiti wa wakati huo, CCK, akaamuru KIXP ifungwe. Kampuni zilijitetea kwamba hicho ni kikundi cha watumiaji wao kwa wao, kinachoruhusiwa na sheria. Ilichukua karibu mwaka mzima kupata leseni, na KIXP ikarudi kazini Februari 2002.

Kwa hivyo mistari ya ruta ilikuwa michache. Ruhusa ndiyo iliyochelewa. BGP haipimi kilomita. Inawajua majirani ulioiandikia tu, na wa karibu asipoandikwa, ujumbe utazunguka dunia bila kunung'unika.

Hebu jaribu amri ya traceroute hadi tovuti iliyo kwenye seva ya hapa nyumbani. Njia isipotoka nchini, ujue kuna jirani aliyeandikwa. Ikipitia Ulaya, muulize anayekuuzia intaneti kwa nini.