Rais aliyezikataa lulu za Sayyid Said

Fundi mmoja wa Nsemulwa, hapa Mpanda, mwenye cherehani yake barazani, alikuwa anatia mifuko kwenye suruali nilipomkuta. Kitambaa cha mifuko kilikuwa cheupe cha kufifia, rangi ya maziwa ya mgando, kizito kidogo mkononi, na nyuzi zake unaweza kuzihesabu kwa macho. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza kitambaa hicho kinaitwaje.

"Merikani," akasema bila kuinua kichwa.

Kwa nini merikani?

"Ndivyo mzee wangu alivyokiita, na yeye alikikuta kinaitwa hivyo."

Jibu hilo ni la kweli kuliko linavyosikika. Kabla ya reli kufika Mpanda, kabla hata ya Mjerumani, nchi hii ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe ilikuwa ikipitiwa na misafara ya pembe. Fedha ya misafara hiyo ilikuwa nguo na shanga. Mtama ulinunuliwa kwa nguo, pagazi alilipwa nguo, na mtemi hakuruhusu watu wapite nchini mwake mpaka hongo ya nguo ihesabiwe mbele yake. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane doti. Henry Morton Stanley alipovikwepa vita vya mtemi Mirambo mwaka 1871, akazunguka kwa kusini kupitia Ukonongo akielekea Ujiji, wapagazi wake walikuwa wamebeba marobota ya merikani yaliyotoka pwani.

Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, na jina la nchi likaigandia. Lakini ili jora moja litoke huko mpaka Ukonongo, wakubwa wa nchi mbili walipaswa kwanza kukubaliana. Mmoja wa wakubwa hao ni rais ambaye wengi wetu hatukusikia jina lake shuleni: Martin Van Buren, rais wa nane wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 5 Desemba 1782 katika kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mkulima mwenye nyumba ya wageni, mahali ambapo wasafiri walikula, wakanywa na kubishana siasa, na inasemekana mtoto alijifunza siasa kwa kuwasikiliza akiwa anawahudumia. Nyumbani walizungumza Kiholanzi. Kiingereza alikipata baadaye, na mpaka leo ni yeye peke yake kati ya marais wote wa Marekani ambaye lugha yake ya kwanza haikuwa Kiingereza. Mtoto wa hapa Katavi aliyelelewa kwa Kisukuma au Kifipa, akakutana na lugha nyingine darasani, anaijua safari hiyo vizuri.

Chuo kikuu hakukiona. Alimaliza shule ya kijijini, akaingia ofisini kwa mwanasheria kama karani akiwa kijana mdogo, na mwaka 1803 akawa wakili. Kutoka hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine: seneta mwaka 1821, gavana wa New York kwa wiki chache mwaka 1829, kisha Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Andrew Jackson, kisha Makamu wa Rais. Alikuwa mfupi, mtanashati, mpole wa maneno, na fundi wa kuunganisha watu. Mfumo wa chama chenye matawi na nidhamu, tunaouona wa kawaida leo, yeye ni mmoja wa waliouasisi. Wapinzani wake walimwita mchawi mdogo kwa jinsi alivyopata alichotaka bila kupaza sauti.

Ni katika miaka hiyo ya Jackson ndipo pwani yetu ilipoingia katika vitabu vya serikali ya Marekani. Mfanyabiashara Edmund Roberts wa New Hampshire alikutana na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na pwani yetu, huko Zanzibar mwaka 1828, akarudi kwao na hoja kwamba biashara ya huko inahitaji mkataba. Jackson akamtuma. Mkataba ukatiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833: Wamarekani wafanye biashara katika bandari za Sayyid kwa ushuru wa asilimia 5, na waweke balozi wao mdogo. Seneti iliyoupitisha mwaka uliofuata, mwenyekiti wake kwa cheo cha Makamu wa Rais alikuwa Van Buren. Mwaka 1837 yeye mwenyewe akaapishwa kuwa rais, na Machi hiyohiyo Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafika Zanzibar kufungua ubalozi mdogo.

Urais ulimwanzia vibaya. Hakumaliza hata miezi mitatu, mabenki ya New York yakaacha kutoa dhahabu na fedha kwa wenye noti, biashara ikaanguka, watu wakakosa kazi, na lawama zote zikamwangukia yeye.

Wakati uchumi ukiwa bado hoi, tarehe 30 Aprili 1840, jahazi lenye bendera nyekundu ya Sayyid Said likatia nanga New York. Liliitwa Sultana. Aliyelisimamia ni Ahmad bin Na'aman, katibu wa Sayyid, mwenye kilemba na ndevu zilizokwatuliwa vizuri. Picha yake, iliyochorwa huko kwa rangi, ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la mji wa Salem. Umati ulijaa gatini kuwatazama wageni. Jahazi lilibeba pembe, karafuu, kahawa, tende na mazulia. Tena lilibeba zawadi za rais: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali za Kashmiri, mafuta na maji ya waridi, na upanga uliopambwa dhahabu.

Hapa Van Buren alifanya jambo linalonifanya nimheshimu. Katiba ya Marekani inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila idhini ya Bunge. Akajibu kwa adabu kwamba hawezi kuzipokea. Kwa mila zetu, na mila za Sayyid, kurudisha zawadi ni kumtusi aliyeitoa, basi jambo likapelekwa bungeni, na Bunge likaruhusu zipokewe kwa niaba ya taifa. Farasi wakapigwa mnada, fedha ikaingia hazina, na lulu zikahifadhiwa na serikali. Hakuna hata punje iliyokwenda mfukoni mwa rais. Kwa upande wake, serikali yake ililitengeneza Sultana bure katika karakana ya jeshi la majini huko Brooklyn, maana safari ndefu ilikuwa imelichakaza, ikalipakia na zawadi za kurudisha shukrani.

Ningependa kuishia hapo katika kumsifu, lakini siwezi. Siku zilezile Ahmad alipokuwa akikaribishwa karamuni New York, katika jimbo jirani la Connecticut walikuwa wamefungwa Waafrika wa meli ya Amistad. Hao ni watu wa Sierra Leone, wakiongozwa na Sengbe Pieh, walioibiwa kwao, wakauzwa Kuba, wakaasi baharini mwaka 1839 na kuiteka meli iliyowabeba. Walichodai kilikuwa kurudi nyumbani. Serikali ya Van Buren ilitaka wakabidhiwe kwa Wahispania waliotawala Kuba. Januari 1840 ikatuma manowari Grampus ikae tayari huko New Haven, iwapakie mara hukumu itakapotoka na kuwapeleka Kuba kabla mawakili wao hawajakata rufaa. Jaji akaamua tofauti na serikali ilivyotarajia. Serikali ikakata rufaa, na John Quincy Adams, rais wa zamani aliyekwishazeeka, akasimama kuwatetea. Mahakama ya Juu iliwaachia huru tarehe 9 Machi 1841, siku tano baada ya Van Buren kuondoka Ikulu.

Mtu aliyeshika Katiba barabara kwa ajili ya lulu, alikuwa tayari kuizunguka mahakama kwa ajili ya kura za mabwana wa watumwa wa kusini. Pamba waliyolima watumwa wale ndiyo iliyofumwa merikani. Na huku kwetu merikani ilinunua pembe, na pembe mara nyingi ilishuka pwani pamoja na watu waliofungwa minyororo. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kummiliki mtu, jina lake Tom, aliyetoroka mwaka 1814. Miaka kumi baadaye Tom alipoonekana, Van Buren alikubali kumuuza kwa dola 50.

Sultana lilifika Zanzibar Desemba 1840. Wakati huo Van Buren alikuwa ameshashindwa uchaguzi na William Henry Harrison. Mwaka 1844 chama chake kikamnyima nafasi ya kugombea tena kwa sababu alipinga Texas, nchi ya watumwa, kuunganishwa haraka na Marekani. Mwaka 1848 akagombea kwa chama kipya kilichopinga utumwa kuenezwa katika ardhi mpya, akapata kura 291,000 hivi, asilimia 10, asishinde jimbo hata moja. Uzee ulimpa ujasiri ambao Ikulu haikumpa.

Alifia shambani kwake Kinderhook tarehe 24 Julai 1862, nchi yake ikiwa vitani kwa ajili ya utumwa uleule. Vita hivyo vilikata pamba, viwanda vya Massachusetts vikapungukiwa, na Zanzibar merikani ikawa adimu. Wafanyabiashara wakaleta nguo za Uingereza na Bombay kujaza pengo. Wanunuzi wa bara walizipokea, wakazipima kwa mkono uleule, wakaendelea kuziita merikani.

Fundi wa Nsemulwa alikata kipande cha mwisho, akakikunja, akakipitisha chini ya sindano. Jora alilokata lilikuwa na mhuri wa kiwanda cha Tanzania.