Sinema ya Vugiri na Mkono wa Kurudisha Filamu

Wengi wetu tumepita Korogwe mara nyingi bila kujua kwamba huko juu Vugiri, katika milima ya Usambara, paliwahi kutengenezwa sinema. Tangu 1935 hadi 1937 palikuwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, zilitengenezwa filamu 35 hivi za afya, kilimo na mengineyo, zikazungushwa kwa lori katika nchi zetu.

Filamu zile hazikubeba sauti. Maneno yalitoka katika santuri iliyopigwa sambamba na picha. Basi filamu ikikatika, kipande kibovu kikaondolewa na ncha zikaungwa, picha hutangulia, santuri haina habari. Watu wataelezwa habari za mbu huku wakitazama chandarua. Dawa yake ni kupachika kipande cheusi chenye idadi ileile ya picha zilizoondolewa.

Lakini kinga ni bora kuliko dawa, na kinga huanza onyesho likiisha, filamu inaporudishwa kwenye gurudumu lake la kwanza. Mkono mmoja huzungusha mpini. Mwingine hugusa taratibu gurudumu linalotoa filamu, uwe breki. Ikilegea, matabaka husuguana, na vumbi kama lile la Handeni wakati wa kiangazi huyakwaruza. Ukivuta ncha ili kuikaza, unazidi kuikwaruza. Ikikazwa mno, vitundu vya pembeni hupasuka na viungo huachia. Kamba hukatikia pabovu. Tena gurudumu linavyopungua filamu, breki ileile huvuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mkono hauna budi kulegezwa kidogo kidogo.

Vitabu vimehifadhi majina ya wakuu wa mradi. Mkono wa kurudisha filamu ni nadra kuandikwa, ingawa onyesho la kesho lilitegemea kazi yake ya usiku. Katika utumishi wa serikali nimeona mipango mizuri ikikwama kwa sababu hiyohiyo: kazi ya mwisho wa siku ilifanywa ovyo. Vijana wetu, msiidharau.