Kutoka Miiko hadi Maadili: Historia ya Fikra za Uadilifu katika Biashara Nchini Tanzania, 1967–1995

1.0 Utangulizi

Maneno mawili, miiko na maadili, yametumika nchini Tanzania katika vipindi tofauti kueleza jambo linaloonekana kuwa moja, yaani mwenendo unaotarajiwa kwa mtu mwenye mamlaka juu ya mali. Mwaka 1967 chama cha TANU kiliweka miiko ya uongozi kupitia Azimio la Arusha. Mwaka 1995 Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Insha hii inajenga hoja kwamba badiliko hilo la istilahi si la bahati. Mwiko ni katazo: huonesha kisichoguswa, lakini hauelezi namna ya kukigusa kwa haki. Maadili, kwa upande mwingine, humtaka mtu apime tendo lake hata pale ambapo hakuna katazo. Kwa kuwa taifa lilianza na miiko, lilipofungua milango ya biashara halikuwa na mafunzo ya kutosha kuhusu mfanyabiashara mwadilifu ni mtu wa namna gani.

2.0 Dhana na Mkabala

Katika Kiswahili, neno maadili hubeba maana mbili ambazo mjadala wa kitaaluma hulazimika kuzitenganisha. Maana ya kwanza ni kanuni ambazo jamii inaziishi na kuwarithisha watoto wake. Maana ya pili ni uchambuzi wa kanuni hizo, yaani kuuliza kwa nini jambo fulani lihesabiwe kuwa jema. Katika insha hii, maana hiyo ya pili inaitwa falsafa ya maadili, na neno uadilifu linatumika kwa mwenendo wenyewe.

Kuhusu ukuaji wa kimaadili, mkabala unaorejelewa zaidi ni ule wa Lawrence Kohlberg, ulioanzia katika tasnifu yake ya mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kohlberg alieleza ngazi tatu za kufikiri, kila moja ikiwa na hatua mbili. Katika ngazi ya kwanza mtu hutii kwa kuogopa adhabu au kutafuta faida yake. Katika ngazi ya pili hutii ili akubalike kwa wenzake na kulinda utaratibu uliopo. Katika ngazi ya tatu huongozwa na misingi anayoikubali kwa hoja, hata kama sheria iliyopo inapingana nayo.

Mkabala huu umekosolewa. Mwaka 1982 Carol Gilligan alionesha kwamba ulijengwa juu ya majibu ya wavulana na kupuuza maadili ya kujali na kutunza uhusiano. Aidha, Carolyn Edwards, aliyefanya utafiti nchini Kenya, alihusisha hatua za juu na aina ya jamii na elimu anayoishi nayo mtu, badala ya ubora wa mtu mwenyewe. Kwa kuzingatia ukosoaji huo, insha hii haipimi watu kwa ngazi za Kohlberg. Inazitumia kuuliza swali finyu zaidi: katika kila kipindi, dola iliwapa raia sababu gani ya kutii?

3.0 Azimio la Arusha na Lugha ya Miiko

Azimio lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Siku iliyofuata benki zilitaifishwa. Sehemu ya Azimio kuhusu uongozi ilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Ilimkataza kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Makatazo hayo yaliwahusu pia watumishi wa ngazi za kati na za juu serikalini na katika mashirika ya umma, na yalimgusa mwenzi wa ndoa.

Kwa istilahi za leo, miiko hiyo ilishughulikia mgongano wa masilahi. Msingi wake ulikuwa wa hoja: binadamu wote ni sawa, na unyonyaji unavunja usawa huo. Isitoshe, mfano ulikuwa umetangulia, kwani Oktoba 1966, baada ya maandamano ya wanafunzi wa chuo kikuu, Rais Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Hivyo, sababu ya kutii iliyotolewa mwaka 1967 ilikuwa ya ngazi ya tatu.

Hata hivyo, miiko ilikuwa na pengo. Ilimwambia kiongozi akae mbali na biashara, bila kumwambia mfanyabiashara afanyeje biashara yake. Duka, hisa na nyumba ya kupangisha viliwekwa katika kundi la vitu vinavyochafua. Lakini jamii za pwani na bara zilikuwa na maadili ya biashara ya muda mrefu. Mali kauli, ambapo mtu hukabidhiwa bidhaa kwa ahadi ya mdomo na kulipa baada ya kuuza, haiwezekani bila uaminifu. Methali isemayo mali bila daftari huisha bila habari ni funzo la uwajibikaji. Hazina hiyo haikupewa nafasi katika lugha rasmi ya siasa.

4.0 Uhaba, Ulanguzi na Sheria ya 1983

Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa kamati ya kusimamia miiko. Kuanzia hapo utii ulielekezwa zaidi kwenye nidhamu ya chama na utaratibu wa dola, jambo linalolingana na ngazi ya pili. Baadaye vita vya Kagera vya 1978–1979 na kupanda kwa bei ya mafuta viliongeza uhaba wa bidhaa. Sukari, sabuni na mafuta ya kula vilipatikana kwa foleni au kwa walanguzi. Mishahara ilipopoteza thamani, watumishi wengi walianzisha miradi midogo ya kuongeza kipato, na mipaka ya miiko ikavukwa ili watoto wale.

Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilianzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria iliyotungwa mwaka huo iliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri, na washtakiwa walinyimwa dhamana na uwakilishi wa mawakili. Wapo walioficha bidhaa kweli huku wananchi wakiteseka, na kampeni iliungwa mkono na wengi. Lakini taarifa za watu kutupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo zinaonesha kwamba hofu ilitawala. Sababu ya kutii ilikuwa imeshuka hadi ngazi ya kwanza. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na sheria nyingine iliyorudisha mashauri hayo katika mfumo wa mahakama.

5.0 Zanzibar 1991 na Sheria ya 1995

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza miiko. Mwanachama aliruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Watetezi wa uamuzi huo walikuwa na hoja yenye uzito: kanuni inayovunjwa na wengi ili waishi huwafundisha watu unafiki. Lakini katazo liliondolewa bila kanuni nyingine kuwekwa papo hapo. Miaka minne ilipita kabla ya Sheria ya 1995 kumtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Mwaka 1996 Tume ya Warioba ilieleza kwa kina jinsi rushwa ilivyoenea katika utumishi wa umma.

6.0 Hitimisho

Nadharia ya ukuaji wa kimaadili hutazamia mwendo wa kupanda. Historia iliyojadiliwa hapa inaonesha dola iliyoanza na hoja ya usawa, ikapitia nidhamu ya chama, ikaishia kwenye hofu. Kushuka huko hakuthibitishi kwamba Azimio lilikosea kuhusu unyonyaji. Kunathibitisha kwamba msingi mzuri hauwezi kudumu pale ambapo mshahara hautoshi kuuishi, na pale ambapo shughuli inayopaswa kuongozwa nao imehesabiwa kuwa najisi. Sheria ya 1995 imerudisha neno maadili, lakini tamko la mali humhusu kiongozi, si muuzaji anayepima sukari dukani. Somo la maadili ya biashara nchini Tanzania linapaswa kuanzia kwa muuzaji huyo, katika mizani yake, daftari lake na ahadi yake.